Olimpiadi, mradi wa utafiti, roboti au kukaa na mhandisi: kipi kinamfaa mwanafunzi yupi?

Mwanafunzi anaongoza darasa katika hesabu na fizikia, walimu wamemwona, wazazi wanafurahi. Kinachofuata mara nyingi ni kumwingiza kwenye chochote kilicho karibu. Shule ina timu ya roboti, basi roboti. Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu wa olimpiadi enzi zake, basi olimpiadi. Miezi sita baadaye mtoto huyo huyo anasema sayansi imemchosha, kumbe kilichomchosha ni kazi aliyopewa, iliyomfaa mtu wa tabia nyingine kabisa.

Njia nne tunazolinganisha hapa zinafanana kwa mbali tu. Olimpiadi inamfungia mtu na kalamu na karatasi kwa saa nne na nusu. Mradi wa utafiti unamtaka ahesabu mbegu zilezile kila asubuhi kwa majuma, hata siku ambayo hakuna kilichobadilika. Roboti inamweka kati ya wenzake wanne wanaogombania bisibisi moja. Kukaa na mhandisi kazini kunamwonyesha kwamba siku nzima inaweza kuishia kwenye mchoro mmoja na simu kumi. Anayeng'aa kwenye moja anaweza kuteseka kwenye nyingine, hata kama alama zake za darasani ni 95 kila somo.

Kazi tatu kabla ya kuchagua

Alama za darasani hazisaidii kuchagua kwa sababu zina dari. Wanaopata 95 wote wamegonga dari hiyo, na mtihani hauonyeshi nani angeendelea kupanda. Ndiyo maana mradi wa Julian Stanley, ulioanza 1971 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT ambao kwa kawaida hufanywa na wanaojiandaa kuingia chuo. Watoto waliofungana kileleni mwa darasa lao wakatawanyika mara moja.

Huhitaji SAT. Unahitaji kazi tatu, kila moja na siku yake, saa nzima, bila kumsaidia. Kaa pembeni na daftari. Usijali sana anachofanya dakika ya 5; tazama dakika ya 40, baada ya kukwama.

Kazi ya kwanza ni ya karatasi. Mwandikie n² + n + 41. Ukiweka 0 unapata 41, ukiweka 1 unapata 43, ukiweka 2 unapata 47, na zote ni namba tasa. Muulize kama itakuwa hivyo siku zote. Kanuni hii, inayohusishwa na Euler, ni laghai hodari: haikosei mpaka n ifike 40, hapo inatoa 1,681, yaani 41 × 41. Mwanafunzi mmoja atajaribu mpaka 10 na kutangaza kwamba ni kweli. Mwingine atafika 25 bila kuchoka, kisha aandike programu fupi imalizie. Wa tatu atanyamaza dakika kumi, halafu aseme kwamba ukiweka 41 kila kipande kinagawanyika kwa 41, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa tasa. Hajakokotoa chochote. Huyo wa tatu ni mtu wa olimpiadi ya hesabu. Yule wa pili naye ana kwake: olimpiadi ya kompyuta.

Kazi ya pili ni ya kupima. Mpe uzi, nati tatu zinazolingana na saa inayopima sekunde. Swali: ni nini kinachobadilisha muda wa pendulamu kwenda na kurudi, uzito, urefu wa uzi au upana wa bembea? Jibu lenyewe limo vitabuni: uzi wa mita 1 hutumia karibu sekunde 2, wa sentimita 25 karibu sekunde 1, uzito hauna neno, na upana hauonekani mpaka uwe mkubwa (ukiiachia kutoka pembe ya digrii 60 muda unaongezeka kwa takriban asilimia 7). Wewe tazama anavyopima. Kidole kinachobonyeza saa kinaweza kukosea kwa sekunde 0.2. Akipima mbembeo mmoja wa sekunde 2, amekosea asilimia 10. Akipima mibembeo 20 kwa mpigo na kugawa, kosa lilelile linakuwa asilimia 0.5. Mwanafunzi anayegundua ujanja huu bila kuambiwa ana mkono wa mtafiti.

Kuna na mtego. Wengi wakitaka kuongeza uzito huning'iniza nati ya pili chini ya ya kwanza, na ya tatu chini ya ya pili. Kila nati ikiwa na kimo cha sentimita 2, kitovu cha uzito kimeshuka sentimita 2, na kwenye uzi wa sentimita 25 muda unaongezeka kwa karibu asilimia 4. Mtoto anaandika kwamba uzito unabadilisha muda. Usimkatize. Ukimwambia tu kwamba kitabu kinasema vinginevyo, mmoja atafuta jibu lake na kunakili la kitabu, mwingine atainama na kuanza kuzitazama nati. Huyo wa pili ndiye unayemtafuta.

Kazi ya tatu: karatasi moja ya A4, selotepu sentimita 30, vitabu viwili vilivyoachana kwa sentimita 20, na sarafu. Ajenge daraja libebe sarafu nyingi iwezekanavyo. Karatasi bapa itazama kwa sarafu chache, iliyokunjwa mikunjo kama feni itabeba nyingi mno, kwa sababu sehemu iliyosimama wima inakataa kupinda. Hapa hesabu madaraja, si sarafu. Aliyejenga moja zuri na kukaa kulitazama ni tofauti na aliyejenga manne, akayavunja yote na kuanza kulalamika kwamba karatasi imechoka. Huyo mlalamikaji mpeleke karakana, kwenye timu ya roboti.

Olimpiadi: ukumbi wa watu wanaopenda kukwama

Olimpiadi ya Kimataifa ya Hesabu ilianza Romania mwaka 1959. Maswali ni 6, siku mbili, saa 4 na nusu kila siku, kila swali alama 7, jumla 42. Nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi 6. Ya fizikia (tangu 1967) hupeleka 5 na ina mtihani wa nadharia na wa vitendo, saa 5 kila mmoja. Ya kemia (1968), ya kompyuta (1989) na ya biolojia (1990) hupeleka 4. Kwa hiyo ukimwingiza mwanafunzi kwa ahadi ya kupanda ndege, umemdanganya; karibu wote huishia ngazi za chini, na faida yao ni ile miaka miwili ya kufikiri kwa nguvu.

Faida hiyo ni ya kweli. Maryam Mirzakhani alipata dhahabu 1994 na 1995, ya pili kwa alama zote 42, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati. Terence Tao, naye mshindi wa nishani hiyo, alianza na shaba mwaka 1986, kisha fedha, kisha dhahabu 1988. Anza na shaba ya Tao unapozungumza na mtoto aliyepata sifuri kwenye jaribio lake la kwanza.

Ratiba inayowezekana ni saa 6 hadi 8 kwa juma. Siku mbili za maswali matatu kwa dakika 90 kila siku, bila kufungua suluhisho. Siku moja ya kuandika upya suluhisho kamili, sentensi kwa sentensi, kana kwamba msomaji ni mkaidi. Saa zinazobaki ni za kusoma mbinu mpya: aljebra, jiometri, kombinatoriki, nadharia ya namba. Kalikulasi haihitajiki kwa olimpiadi ya hesabu, na mwalimu anayeanza nayo anapoteza muhula mzima. Swali lililomshinda liingie daftari la makosa na lirudiwe baada ya juma moja, kisha baada ya majuma matatu, bila kutazama nyuma.

Kinachoharibu ni suluhisho. Mwanafunzi anahangaika dakika 15, anafungua majibu, anaelewa kila mstari, anahisi amejifunza. Keshokutwa swali lilelile linamshinda tena. Kufuata njia iliyokwisha kukatwa msituni ni jambo moja, kuikata ni jingine. Weka kanuni ya dakika 60 kwa swali gumu, na hata baada ya hapo apewe dokezo moja tu.

Upungufu wake usifichwe: kila swali la olimpiadi lina jibu, na mtungaji analijua. Anayezoea uhakika huo hushtuka baadaye anapokutana na swali la utafiti ambalo huenda halina jibu kabisa, au lina majibu matatu yote mabaya.

Mradi wa utafiti: wa wenye subira, si wa wenye maneno

Hapa mwanafunzi anauliza swali lake, anakusanya data na kulitetea mbele ya majaji. Maonyesho makubwa ya kimataifa, ISEF, yalianza Marekani mwaka 1950. Mradi unaweza kuwa wa mtu mmoja au timu isiyozidi watatu, na utafiti unaohukumiwa usizidi miezi 12 mfululizo.

Sehemu ngumu ni swali, na kosa kubwa ni upana wake. "Je, chumvi inaharibu mimea?" halipimiki. Likate: "Chumvi ya gramu 0, 2, 4 na 8 kwa lita ya maji inapunguza vipi idadi ya mbegu za kunde zinazoota ndani ya siku 7?" Hapo kazi inajipanga yenyewe. Viwango vinne, visahani vitatu kwa kila kiwango, mbegu 10 kwa kisahani: mbegu 120 kwa jumla. Visahani vya gramu 0 ndivyo kikundi linganishi. Kabla ya kuanza, aandike maana ya "kuota", kwa mfano mzizi umezidi milimita 2, la sivyo siku ya nne ataanza kuhesabu kwa huruma.

Siku ya tatu hutokea jambo ambalo wengi hawalioni. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Kisahani kilichoanza na gramu 4 kwa lita sasa kina zaidi, na aliyeongeza maji yenye chumvi amekizidishia tena. Dawa yake ni mizani ndogo: pima kisahani siku ya kwanza, kila asubuhi kirudishe kwenye uzito uleule kwa maji matupu. Jambo jingine ni dirisha. Visahani vyote vya gramu 8 vikikaa upande wa jua, huwezi kujua kama kilichoua mbegu ni chumvi au joto. Vichanganye kwa kura, na uvihamishe kila siku.

Tenga majuma 14 hadi 16: mawili ya kukata swali, moja la jaribio dogo la kugundua yatakayoharibika, sita ya kazi yenyewe pamoja na kuirudia angalau mara moja, matatu ya hesabu na michoro, yanayobaki ya kuandika na kujizoeza kuulizwa. Jaribio dogo ndilo linaloachwa kwa sababu ya haraka, na ndilo lingeokoa majuma sita.

Vibali vitangulie. Kwenye maonyesho makubwa, mradi unaohusu watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vijidudu huhitaji idhini kabla ya kipimo cha kwanza, na kanuni za ISEF zinakataza kukuza bakteria nyumbani. Miradi ya "vijidudu vya kitasa cha mlango" iliyofanywa jikoni hufia hapo, haijalishi bango limependeza vipi.

Jambo la mwisho ni mkono wa mzazi. Jaji akiuliza kwa nini visahani vitatu na si kimoja, mtoto aliyefanya kazi mwenyewe anajibu kwa haraka na hata kwa hasira kidogo. Aliyefanyiwa anasoma bango.

Roboti: uhandisi unaonekana, na unaungua

Kati ya njia nne, hii ndiyo inayovutia wengi mwanzoni na kuwapoteza wengi kufikia juma la tano. FIRST, taasisi iliyoanzishwa na Dean Kamen mwaka 1989, na World Robot Olympiad, iliyoanza 2004, zina ngazi za umri mbalimbali, lakini timu haihitaji kuanza na seti ya mashindano. Gari dogo linalofuata mstari mweusi kwenye karatasi nyeupe linatosha kwa muhula wa kwanza.

Vifaa vyake: bodi 1 ya Arduino Uno, kiendeshi cha mota 1 aina ya L298N, mota 2 zenye giabox, magurudumu 2 na kagurudumu 1 kanakozunguka kote, sensa 2 au 3 za infraredi, betri 6 za AA za kuchaji, pawabenki, nyaya na multimita (kipimo cha volti na mkondo). Multimita isikatwe kwenye bajeti. Timu isiyo nayo hukisia, na ikikisia hununua bodi ya pili.

Yanayoharibika yanajulikana. La kwanza ni kuunganisha mota moja kwa moja kwenye pini ya bodi. Pini ya Uno (toleo la R3) inafaa kutoa miliampea 20 na ukomo wake ni 40. Mota ndogo ikikwama hudai mamia. Pini inakufa kimya kimya. La pili ni ile betri ndogo ya mraba ya volti 9: volti zipo, mkondo hautoshi, mota zikianza volti inaanguka, bodi inajizima na kujiwasha, na watoto wanatumia siku mbili kutafuta kosa kwenye programu. Mpe bodi pawabenki yake, mota zipate zile betri sita. Sita za volti 1.2 ni 7.2, L298N inakula karibu 2, mota zinabaki na kama 5, inatosha. La tatu linafuatana na la pili: ukitumia vyanzo viwili bila kuunganisha nyaya zao za hasi, kiendeshi hakielewi amri za bodi. Waya mmoja.

Kwenye programu, adui ni amri ya delay, inayoiambia bodi isubiri. Bodi ikisubiri nusu sekunde haisomi sensa, na kwa nusu sekunde gari limeshavuka kona. Halafu kuna jua: sensa zilizorekebishwa darasani jioni hukoroga mambo kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa. Timu irekebishe sensa pale pale ukumbini, dakika kumi kabla ya zamu yake.

Lakini kinachopoteza vipaji hapa si umeme. Ni mgawanyo wa kazi. Katika timu ya watano, mmoja anaandika programu, mmoja anajenga, watatu wanatazama; na ikiwa kuna wasichana, mara nyingi wanajikuta wakipamba bango na kuandaa maelezo. Zungusha nafasi kila majuma matatu na uandike ukutani: programu, ujenzi, umeme, majaribio, kumbukumbu. Mwenye programu akikabidhi, mrithi wake abadilishe kitu kimoja na kukifanya kifanye kazi kabla ya mwenzake kuondoka mezani. Bila hilo umefunza mtu mmoja na kuwapa wanne tamasha.

Kukaa na mhandisi

Hii ni ya mwanafunzi mwenye uwezo asiyejua wahandisi hufanya nini. Ziara ya nusu siku haimsaidii. Ataona mashine na kurudi na picha. Omba siku 10, hata kama ni mbili kwa juma, na omba kazi moja ndogo anayoweza kumaliza: kupima halijoto ya mashine kila saa na kuchora mchoro wake, au kuchora kipande kimoja kwa vipimo kamili na kupata saini ya fundi kwamba kinatengenezeka. Idhini ya mzazi na mafunzo ya usalama vitangulie, viatu vya kufunika miguu, nywele ndefu zifungwe.

Mwagize aulize maswali matatu: kosa gani ghali uliwahi kuliona kwenye kazi hii, ni hesabu gani ulitumia juma hili, na fundi mchundo anajua nini ambacho wewe hujui. Mwenyeji akishindwa kumpa kazi mpaka siku ya tatu, mhamishe kwa adabu. Kijana anayekaa kwenye kiti akisubiri kuitwa anajifunza kwamba uhandisi ni kusubiri.

Zikiwekwa pamoja

| | Olimpiadi | Mradi | Roboti | Kukaa na mhandisi |
|---|---|---|---|---|
| Saa kwa juma | 6–8 | 3–5, karibu kila siku kidogo | 4–6, kwa pamoja | Siku 10 kwa jumla |
| Vifaa | Kalamu na maswali ya zamani | Mizani, vyombo, mahali pasipoguswa | Vingi, na vya akiba | Viatu na daftari |
| Mtu anayehitajika | Anayeweza kusoma thibitisho lenye kasoro | Anayejua kupanga jaribio | Mwenye multimita na subira | Mwenyeji mwenye kazi ya kumpa |
| Kinachoharibu | Kufungua majibu mapema | Swali pana, kukosa jaribio dogo | Betri, na wachache kuhodhi kazi | Kukosa cha kufanya |

Mstari wa tatu, wa mtu anayehitajika, una uzito kuliko yote. Mwanafunzi wa olimpiadi asiye na mtu wa kumwonyesha ni mstari upi wa thibitisho lake umeruka hatua atajifunza uongo kwa bidii. Kama shule ina mwalimu mzuri wa baiolojia na haina mtu wa hesabu za mashindano, mradi wa mbegu utamlea mtoto wa hesabu vizuri zaidi kuliko olimpiadi ya kujisimamia. Takwimu za zile mbegu 120 zina hesabu ya kumtosha.

Na kama zile kazi tatu hazijasema wazi? Tungeanza na mradi. Unaonyesha tabia mapema, gharama yake ni ndogo, na anayeuacha katikati hajavunja timu.

Wanaopotea njiani

Kuna kundi ambalo vipimo vinalipenda na sayansi inalikosa: walio hodari wa hesabu na hodari wa lugha kwa pamoja. Utafiti wa Ming-Te Wang, Jacquelynne Eccles na Sarah Kenny wa 2013 ulionyesha kwamba hao huchagua kazi za sayansi kwa nadra kuliko walio hodari wa hesabu peke yake, na wanawake ni wengi zaidi katika kundi hilo. Wana milango mingi. Kumwambia mtu wa aina hii kwamba hesabu ni ngumu na yeye ataiweza hakumvuti, maana kila kitu anakiweza. Mpe mradi unaohitaji kuandika na kushawishi watu, umuweke karibu na mhandisi ambaye kazi yake inaamua nani apate maji.

Wengine hukwama kwenye michoro ya pande tatu na kudhani hawana kipaji. Sheryl Sorby, akiwa Michigan Technological University, alianza mwaka 1993 kuwafunza wanafunzi wa uhandisi waliofanya vibaya kwenye jaribio la kuzungusha maumbo akilini, na uwezo wao ukapanda. Unajifunzika. Chukua vijimchemraba 6 hadi 8 vinavyoshikana, jenga umbo, mwanafunzi alichore kwa mkono kutoka pembe nne kwenye karatasi ya nukta, kisha mwingine alijenge upya kwa kutazama mchoro tu. Dakika 90 kwa juma, majuma 10. Kuchora kwa mkono kusiachwe kwa sababu kompyuta ipo.

Wazazi nao wasisahauliwe, maana ni njia ya bei rahisi kuliko zote. Katika jaribio lililochapishwa 2012 na Judith Harackiewicz na wenzake huko Wisconsin, wazazi walitumiwa vijitabu viwili na tovuti vikieleza hesabu na sayansi zinamfaa nini kijana maishani. Watoto wao walisoma karibu muhula mmoja zaidi wa masomo hayo katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari kuliko watoto wa wazazi wasiotumiwa. Vijitabu viwili tu, na hakuna bodi iliyoungua.

Kuhusu sifa na zawadi, uangalifu. Claudia Mueller na Carol Dweck mwaka 1998 walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali yaliyowashinda, walifanya vibaya baadaye kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Na jaribio la Lepper, Greene na Nisbett la 1973 lilikuta kwamba watoto wadogo waliopenda kuchora, wakiahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kidogo walipoachwa huru. Kwa hiyo msifu kwa lile hasa alilofanya, "umepima mibembeo ishirini badala ya mmoja", na zawadi ije kama mshangao. Simu mpya iliyoahidiwa kwa medali inanunua medali, pengine, na bidii ya muhula mmoja tu.

Lini kubadilisha

Usibadilishe kabla ya juma la 8. Majuma matano ya kwanza ya njia yoyote kati ya hizi ni machungu, na anayehama kila yanapouma atafika chuoni akiwa amejaribu kila kitu. Juma la 8 fungua daftari lake bila kumuuliza hisia zake. Angalia tarehe. Ukikuta kurasa za siku ambazo hakukuwa na kipindi wala mkutano, ongeza vifaa na umwache. Ukikuta kurasa za siku za kipindi tu, zote nadhifu, rudi kwenye zile kazi tatu, uanze na ile ambayo mara ya kwanza hakutaka uiondoe mezani saa ilipokwisha.